Springi, Kona na Mtaro: Mizani ya Gari Dogo Lenye Mbio Katika Njia za Kibera na Kawangware

Asubuhi moja ya msimu wa masika, mvua ilipokuwa imeanuka na udongo mwekundu wa Kawangware umeganda katika viatu vya wapita njia, nilisimama kando ya Naivasha Road nikalitazama gari dogo la buluu, Subaru Impreza la namna ambayo vijana wa Nairobi huiita Mambaru, likilikaribia tuta la barabarani. Halikulivuka kama magari mengine yavukavyo. Lilipunguza mwendo hata likakaribia kusimama, likageuza pua, likapandisha gurudumu moja, kisha la pili, kisha la tatu, likaenda kwa ubavu kama kaa wa pwani, na juu ya hadhari yote hiyo chuma cha tumboni kilikwaruza tuta kwa sauti iliyomfanya mama muuza mboga ageuke kutazama. Nyuma yake matatu ya njia namba 46 ilikuwa ikipiga honi. Gari lile, ambalo katika Ngong Road lingeweza kuiacha matatu ile mbali sana, lilikuwa limeshindwa na tuta ambalo mkokoteni wa mitungi ya maji ulikuwa umelivuka punde tu kabla yake.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wenye magari wengi, hasa vijana wapendao magari madogo yenye nguvu, hawakupata kuelezwa waziwazi. Imekuwa kaida katika mitaa yetu kuamini ya kwamba gari likishushwa karibu na ardhi, springi zake zikakazwa, na magurudumu yake yakavikwa rimu kubwa zenye matairi ya ubavu mfupi, basi limekuwa gari la mbio. Imani hiyo ina asili yake katika viwanja vya mashindano vya Ulaya na Japani, ambako lami imenyooshwa kama meza, na huko ni sahihi. Lakini elimu ya springi ni elimu ya mizani: kila wakia iongezwayo katika sahani moja huondolewa katika nyingine, na mwenye kupima ni barabara. Nami nashikilia, na nitajaribu kuthibitisha, kwamba gari dogo lenye mbio litumikalo Kibera na Kawangware hushika njia vizuri zaidi, na hupiga kona kwa salama zaidi, likiwa na springi laini kiasi na shokabu nzima, kuliko likikazwa kwa mfano wa magari ya mashindano.

Tuanze pale gari linapogusana na dunia. Gari la kilo 1,200 hushikwa na ardhi kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Kuondoka, kusimama na kugeuka, vyote vitatu hugharimiwa kutoka hazina hiyo moja, na dereva akiitumia nusu yake katika kufunga breki hana budi kupungukiwa katika kona. Kazi yote ya springi, shokabu, bushi na vyuma vya chini ni kuhakikisha kwamba viganja hivyo vinne havibanduki ardhini, na kwamba uzito unaovikandamiza haupandi na kushuka kwa ghafula. Kwani tairi ambalo nukta moja limekandamizwa mno, na nukta ya pili limeachwa likielea, haliwezi kulishika gari hata likiwa jipya na la bei ghali.

Sasa springi hupimwa kwa njia nyingi, lakini iliyo wazi kwa msomaji wa kawaida ni hii: lau gari lisingekuwa na shokabu, likabonyezwa na kuachiliwa, lingepanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde moja? Gari la starehe hupanda na kushuka mara moja, au moja na robo; gari dogo la mbio litokalo kiwandani, kama mara moja na nusu; gari la mashindano ya lami, mara mbili na zaidi. Mwili wa binadamu huvumilia mitikisiko ya polepole, lakini huchukia sana ile ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa kuwa ndiyo inayotikisa matumbo na uti wa mgongo. Hilo ni la starehe, na kijana wa miaka 22 aweza kusema kwamba starehe haimhusu. Lakini hesabu hiyohiyo yaeleza jambo jingine linalomhusu sana. Springi ya gari lipandalo na kushuka mara moja kwa sekunde hujikunja kama sentimita 25 kwa uzito wa gari lenyewe. Ya mara moja na nusu hujikunja sentimita 11. Ya mara mbili hujikunja sentimita 6 tu. Fikiri gari hilo la tatu likifika kwenye shimo lenye kina cha sentimita 10, na mashimo ya kina hicho hayahitaji kutafutwa baada ya mvua za Machi. Gurudumu huteremka shimoni kwa kusukumwa na springi inayokunjuka, na springi iliyojikunja sentimita 6 haina zaidi ya sentimita 6 za kukunjua. Baada ya hapo gurudumu huning'inia hewani. Dereva akiwa anafunga breki wakati huo, gurudumu moja katika manne halina lolote la kumsaidia.

Ni hapo hasa ugumu unapokuwa mwizi. Juu ya lami iliyonyooka springi ngumu haina nafasi ya kuiba, maana gurudumu halina pa kuteremka. Katika njia iliyovunjika huiba katika kila hatua, na dereva hajui, kwa kuwa gari gumu linaloruka-ruka humpa hisia ya kasi kubwa kuliko kasi aliyo nayo kweli.

Walakini si insafu kuusema ugumu kwa ubaya peke yake, maana una sababu zake. Mabaharia wa pwani yetu walijua zamani kwamba jahazi lisilo na farumi, yaani mawe au shehena nzito iliyopangwa chini kabisa tumboni, hulala ubavu kwa upepo mdogo. Na gari nalo lina pepo zake, nazo ni kona. Likigeuka kulia kwa kasi, uzito hukimbilia magurudumu ya kushoto. Kiasi cha uzito unaohama hutegemea ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na upana baina ya magurudumu. Gari letu la kilo 1,200, kitovu chake kikiwa sentimita 50 juu ya ardhi na upana wake sentimita 145, likipiga kona kwa kani iliyo nusu ya mvutano wa dunia, huhamisha kilo zipatazo 207 kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Kitovu hicho kikipandishwa sentimita 5, uzito unaohama huwa kilo 228; kikishushwa sentimita 5, huwa kilo 186. Hii ndiyo faida halisi ya kulishusha gari, wala sitaikana. Lakini msomaji aangalie kwamba ugumu wa springi haumo kabisa katika hesabu hii. Springi ngumu huizuia bodi isilale, na dereva akajiona ameketi wima. Uzito unaohama ni uleule. Alichokipata ni gari linaloitika upesi zaidi usukani ugeuzwapo, nalo ni jambo zuri, ila si sawa na kuongeza mshiko, na wengi wamelipa fedha nyingi kwa kuyachanganya mambo haya mawili.

Kuna sababu nyingine ya kuizuia bodi isilale, nayo yatokana na umbo la vyuma vyenyewe. Karibu magari yote madogo tunayoyaona hapa, Vitz, Demio, Fit, Note na Impreza, yamejengwa mbele kwa mtindo wa Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani ambaye ubunifu wake uliingia katika magari ya Ford Consul na Zephyr ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shokabu na springi zimeunganishwa kuwa nguzo moja, juu imefungwa kwenye bodi, na chini imeshikwa na mkono mmoja wa chuma. Ni mtindo mwepesi, hauna gharama kubwa, na huiachia injini nafasi. Kasoro yake ni kwamba bodi ikilala gurudumu nalo hulala pamoja nayo, likaikanyaga ardhi kwa ukingo badala ya uso wote. Basi hapo springi ngumu yaweza kusaidia. Lakini gari la mtindo huu likishushwa kupita kiasi, ule mkono wa chini hupinda kwenda juu, ncha yake ya nje ikawa juu kuliko ya ndani, na ile nukta ambayo bodi huizungukia katika kulala huporomoka upesi kuliko kitovu cha uzito chenyewe, hata gari lililoshushwa likawa na hamu kubwa zaidi ya kulala kuliko lilivyokuwa kabla. Mwenyewe hulazimika kununua springi ngumu zaidi ili kuutibu ugonjwa alioununua kwa fedha yake.

Nitoke Kawangware nishuke Kibera. Njia ni fupi: Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, kisha Ngong Road, ambayo upanuzi wake umeifanya iwe pana na laini, kisha kushuka kwa upande wa soko la Toi hadi Kibera Drive. Katika safari hiyo moja gari hukutana na udongo, matuta, lami ya kasi, na matuta tena. Kibera, ambayo Wanubi waliokuwa askari wa Mwingereza, walipopewa makao pale mwanzoni mwa karne ya 20, waliiita Kibra, yaani msitu, ilikua kwa njia za miguu kabla ya kuwa na njia za magari, na hata leo ukiiacha Kibera Drive hatua chache umo katika vichochoro ambavyo mtaro wa maji machafu hukata katikati yake. Mafundi wa jua kali walio kando ya barabara ile hawana lifti ya kuinulia magari wala mtambo wa kompyuta. Wana jeki, jiliwa, spana, na masikio. Nami nimejifunza kwao mambo ambayo vitabu huyapita haraka.

Siku moja nilimkuta kijana akimsihi fundi mmoja wa makamo, na gari lake dogo limekwisha kuinuliwa juu ya mawe.

“Fundi, nikatie koili moja tu kila upande.”

“Kijana wangu, nikikata siwezi kukuungia tena. Kwanza niambie, hii gari inalala wapi?”

“Gatina.”

“Na kufika kwako unapita wapi?”

“Pale kwa mtaro.”

“Basi,” fundi akasema, akaendelea kupangusa mikono.

Neno hilo “basi” lilikuwa na elimu ndani yake. Springi yenye mizunguko sita ifanyayo kazi, ukiukata mmoja, imebaki na mitano, na kwa kanuni ya springi ugumu wake umepanda kwa asilimia 20. Kwa hiyo mkata springi hufanya mambo mawili kwa msumeno mmoja: hupunguza nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka, na huongeza ugumu katika nafasi iliyobaki. Nafasi ikiisha, gari hugonga ile raba ya kuzuilia iliyo juu ya shokabu, na likiigonga katikati ya kona ugumu hupanda kwa ghafula kana kwamba springi imegeuka jiwe. Tairi la upande huo huzidiwa, na gari huruka kwenda lilikotaka lenyewe. Aidha ncha iliyokatwa haikai sawasawa katika kikombe chake, na gurudumu lining'iniapo springi yaweza kutoka mahali pake. Wakataji wengine hutumia moto wa gesi, na moto huo hukiharibu chuma kilichopikwa kiwandani kwa kipimo maalumu, kikawa tete pale kilipoungua.

Kinyume chake ni spesa, vile vipande vya mpira au chuma vinavyowekwa juu ya springi ili gari lipande. Hizi nazo nimeona zikitiwa katika magari mengi, na sababu yake ni ya haki kabisa: mwenyewe amechoka kukwaruza. Lakini hesabu ya farumi haisamehe. Kitovu cha uzito kimepanda, kilo zinazohama kwenye kona zimeongezeka, shokabu imenyooshwa hata ikabaki na nafasi ndogo ya kuteremsha gurudumu, na vyuma viendeshavyo magurudumu ya mbele hufanya kazi kwa pembe kali, mpaka zile boti za mpira zikachanika na grisi ikamwagika. Spesa nyembamba kwa gari lililozama kwa uzee ni dawa. Spesa nene ni deni.

Tukija kwenye shokabu tumefika penye kiini, na nasema bila ya kusita kwamba lau ningepewa fedha za kutengeneza kitu kimoja tu katika gari lenye mbio la mtu wa mitaa hii, ningezitumia hapa. Springi huhifadhi nguvu na kuirudisha, shokabu huila. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na mwendo wa gurudumu hugeuka kuwa joto. Aghalabu shokabu hutengenezwa iwe laini wakati gurudumu linapopanda, ili isimpige abiria, na ngumu wakati springi inapokunjuka, ili bodi isirushwe juu. Ikiwa ngumu mno wakati wa kukunjuka, na njia ina mawimbi yaliyofuatana, gurudumu halipati wasaa wa kurudi chini kabla ya pigo lingine kufika, na gari huzama kidogo kidogo mpaka likakaa juu ya raba zake. Ikiwa imekufa, gurudumu hudunda kama mpira. Hapo breki nzuri hazina faida, kwa kuwa tairi linalodunda haliwezi kusimamisha kitu, na umbali wa kusimama hurefuka. Kibera Drive ina watoto wa shule na akina mama wenye mizigo kichwani hatua moja kutoka ukingoni mwa lami. Shokabu iliyokufa katika gari la mbio ni hatari kwao kabla ya kuwa hatari kwa dereva, na mtu asinunue nguvu ya injini hata nukta moja kabla ya kuliondoa jambo hili.

Matuta yana elimu yake peke yake. Katika miaka ya 1930 Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi Marekani katika General Motors, alionyesha kwamba springi za nyuma zapaswa kuwa na mapigo ya haraka kidogo kuliko za mbele. Kwa maana gurudumu la mbele hulipiga tuta kwanza, na la nyuma likichelewa lakini likienda haraka zaidi humkuta mwenzake njiani, wakapanda na kushuka pamoja, na gari likatulia badala ya kutikisa kichwa kama mtu anayesinzia. Viwanda vingi vimeufuata mwongozo huo. Lakini tia abiria watatu nyuma na gunia la viazi katika buti, kama afanyavyo kila mtu anayerudi nyumbani Kawangware siku ya Jumamosi, na mapigo ya nyuma huwa ya polepole kuliko ya mbele. Mwafaka ule umevunjika, mkia umekaa chini, pua imeinuka, na usukani umekuwa mwepesi pale ulipohitajika uwe mzito. Mtengenezaji wa gari la mashindano hajui tatizo hili, kwa kuwa gari lake hubeba watu wawili wale wale kutoka asubuhi hadi jioni. Sisi tunalijua.

Kuna chuma kingine, stabilaiza, ambacho vijana hupenda kukinenepesha. Ni fimbo iliyopinda, inayofunga gurudumu la kulia na la kushoto pamoja, nayo hufanya kazi kama mirengu na ndubi za ngalawa, yaani miti ya kando inayoizuia isipinduke: upande mmoja ukitaka kuzama, wa pili huitwa uusaidie. Uzuri wake ni kwamba magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja haifanyi lolote, na ugumu wake huonekana katika kona. Ubaya wake huonekana katika mtaro: gurudumu moja likipigwa, la pili hutikiswa nalo, na katika njia mbovu sana fimbo nene huweza kulinyanyua gurudumu la ndani kutoka ardhini. Tena fimbo hii ndiyo ufunguo wa tabia ya gari. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele kwa kawaida husukuma pua nje ya kona dereva akizidisha mwendo, na viwanda huliacha hivyo kwa makusudi, kwa kuwa mtu aliyeshtuka hupunguza mafuta na gari likarudi njiani lenyewe. Ukiikaza stabilaiza ya nyuma, pua huingia konani kwa utii wa kupendeza, lakini mkia sasa ndio unaobeba deni. Volkswagen Golf GTI ya kwanza, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970, ilijulikana kwa kunyanyua gurudumu la nyuma la ndani katika kona kali, na Peugeot 205 GTI ya mwaka 1984 ilipata sifa kwa madereva mahodari, na hofu kwa wasio mahodari, kwa sababu mtu akiachia mafuta katikati ya kona mkia ulitaka kutangulia. Juu ya lami kavu tabia hiyo ni furaha. Juu ya udongo mwekundu uliolowa, mbele ya kituo cha matatu, sioni furaha yake.

Yote haya nchi hii iliyajua kabla ya vijana wetu kuzaliwa. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalikuwa shule kubwa ya springi kupita zote, kwa kuwa yalikwenda maelfu ya kilomita katika njia ambazo wakulima na wafugaji walizitumia kila siku. Dereva Joginder Singh alishinda mwaka 1974, na tena mwaka 1976, kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo ambalo nyuma lilikalia mhimili mmoja mzima juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa, jambo ambalo msomaji wa magazeti ya magari ya leo angelidharau. Waliotengeneza magari ya Safari waliyapandisha, wakayaimarisha, wakayapa magurudumu nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, hata kama walijua kwamba kitovu cha uzito kinapanda na kwamba gari linakuwa zito. Walipima sahani zote mbili, wakachagua gurudumu likae ardhini. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia katika mashindano hayo kwa Subaru Vivio, kigari cha injini isiyofikia sentimita mchemraba 700, kidogo kuliko Vitz, na akamaliza wa 12 kati ya wote na wa kwanza katika daraja lake. Mwaka uliofuata alimaliza wa nne kwa Impreza, ndugu wa karibu wa lile gari la buluu nililoliona likitambaa juu ya tuta la Kawangware. Na mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, magari ya kisasa kabisa yalivunjika springi na mikono katika vumbi na mawe yaleyale.

Nirudi kwa fundi wa Kibera, maana hakumwacha kijana yule mikono mitupu. Alishika gurudumu la mbele kwa mikono yote miwili, akalitikisa, nasi sote tukasikia mlio. Bushi za mkono wa chini zilikuwa zimekwisha. Bushi ni pete ya mpira baina ya vyuma viwili, haionekani na haina fahari yoyote, lakini ikilegea gurudumu hutazama upande mmoja dereva akifunga breki na upande mwingine akitia mafuta, na hakuna springi duniani iwezayo kuurekebisha upotofu huo. Wenye fedha haba hukatiwa bushi kutoka matairi makuukuu, mpira uleule unaoshonewa viatu vya akala, zikashindiliwa kwa jiliwa. Nami sitawalaumu, lakini mpira wa tairi haukuundwa kusokotwa, huwa mgumu pasipotakiwa na hulegea upesi, na mwenye gari la mbio asiutumie. Baada ya bushi huja alaimenti, kupima magurudumu yanatazama wapi, ambayo yapaswa kufanywa kila mara vyuma vya chini vinapoguswa, na ambayo wengi huiacha mpaka tairi limelika ukingo mmoja hata nyuzi zikatokeza.

Kuhusu matairi neno langu ni fupi. Tairi la 195/65 lina ubavu wa kimo cha kama milimita 127. La 225/45 lina milimita 101. Zile milimita 26 zilizopotea ndizo springi ya kwanza ya gari, tena iliyo nyepesi kuliko zote, na rimu nzito iliyochukua mahali pake huliongezea gurudumu uzito ambao shokabu italazimika kuutuliza kwa kila shimo. Rimu ya inchi 15 katika gari la inchi 15 haina aibu.

Kijana yule alikaa juu ya debe akafikiri kwa muda mrefu. Hakukata springi. Alinunua bushi mpya za mikono miwili ya mbele na shokabu mbili za nyuma zenye gesi ya naitrojeni, ambayo huzuia mafuta yasitoke povu yapatapo joto. Akaacha springi za kiwandani, akapeleka gari kupimwa magurudumu. Jioni ile nilipanda pamoja naye hadi Gatina. Katika Ngong Road bodi ililala kidogo kwenye kona, kisha ikatulia bila ya kurudi mara ya pili; Naivasha Road tulivuka matuta yote kwa kunyooka, na penye mtaro karibu na mlango wake magurudumu yote manne yaliteremka, yakapanda, na tumbo la gari halikugusa kitu.

Ewe unayekusudia kulikaza gari lako mwaka huu, anza mahali alipoanzia yeye: shika gurudumu, litikise, usikilize.